Pembetatu Haipungui Ikizungushwa

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu huku kwetu Mgwashi, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka natamani kumpiga mtu. Usicheke nikikuita mwanangu. Sina mvi hata moja, ila wewe umejifungua juzi na umejifungia ndani, na mimi nilishapita hapo. Basi nisikilize.

Nilikuwa nimerudi kidato cha tatu, Neema wangu ana miezi mitano. Mwalimu wa hesabu akachora pembetatu kwenye grafu, akataka izungushwe nyuzi tisini kinyume cha saa, kitovu kikiwa pale mihimili inapokutana. Akaniita mimi ubaoni. Kona iliyokuwa nne kulia, moja juu, nikaipeleka moja kulia, nne juu.

"Mama Neema, hapo umeigeuza kama chapati!" kijana mmoja akapaza sauti. Darasa zima kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Akili yako imebaki kwenye maziwa. Baada ya mapumziko nakuuliza tena. Ukikosa, jina lako nampelekea mkuu, ukasome na watu wazima Lushoto mjini."

Lushoto! Kwenda na kurudi kila siku, na mtoto ananyonya? Hapo shule ingekuwa imekwisha.

Mama yangu alikuwa ananisubiri getini na Neema, kama kawaida. Nikanyonyesha huku nalia kwa hasira. Nilipomrudishia mtoto, mama akanipa mkate. Mfuko wa mkate huo ulikuwa wa plastiki ya kuona ng'ambo. Nikautandaza juu ya grafu niliyoinakili daftarini, nikaifuatisha pembetatu na mhimili uliolala kwa kalamu, kisha nikachomoa pini ya nepi.

"We mwana, nepi inadondoka!"

"Ishike, mama!"

Nikachoma pini pale kwenye kitovu, nikauzungusha mfuko polepole kinyume cha saa mpaka ule mstari uliolala ukasimama wima. Kona ikatua moja kushoto, nne juu. Kushoto! Nikapiga kigelegele. Mama akacheka mpaka akaiachia nepi, na Neema akamkojolea.

Baada ya mapumziko nilichora ubaoni, kona ikiwa moja kushoto, nne juu. Yule wa chapati ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mwalimu akachukua rula, akapima upande mmoja mmoja akitafuta kosa. Hakuliona.

"Haya, kaa," akasema. "Kesho uje na huo mfuko, uwaonyeshe wenzako."

Umeona alichopima, mwanangu? Pembetatu ikizungushwa inabadilika inakotazama tu. Pande zake ni zile zile. Na wewe ni hivyo hivyo: umezaa, umegeukia upande mwingine, lakini kichwani hakijapungua kitu. Anayesema umepungua, mwambie apime! Jumatatu vaa sare uende. Mama yako ameshaniambia atamshika mtoto. Ukikosa ubaoni, omba kurudia, tena kwa sauti.

Mungu akupe maziwa tele na kichwa chepesi, na mwanao akue akikuona unasoma.