Gaudensia Hataki Kuoga Kabla ya Hodi

Mmeniachisha kupepeta mchele wangu niandike habari za Gaudensia, kana kwamba mwenyewe hana mdomo. Haya. Nasema mara moja, na asiyeelewa asirudi kuniuliza.

Gaudensia ni fundi cherehani wa Isevya, hapa Tabora, mjane. Baba yake Mnyamwezi. Mama yake alikuwa Mtuta wa upande wa Kahama, na Watuta, wazee walisema, ni Wangoni waliotoka kusini kabisa, kwa Wazulu, wakaja wakipigana mpaka huku. Basi tangu utoto aliambiwa: kule ndiko kwa wajomba zako.

Mwaka huu binti yake Magreth, nesi, akamwambia likizo wanakwenda huko huko. Mama akapiga kigelegele. Kisha Magreth akamsomea ratiba: siku nne mbugani kutazama vifaru, siku tatu ufukweni, na mwisho kabisa siku moja kijijini kwa Wazulu, kuona ngoma na kula chakula chao.

Mama akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Mwisho? Yaani nizurure porini kwa wajomba, nioge kwenye maji yao, halafu siku ya kuondoka ndipo nibishe hodi? Hiyo ni tabia ya mwizi."

"Mama, wale hawakujui. Ni kijiji cha kupokea watalii."

"Mjomba asipokujua bado ni mjomba. Laana haiulizi kitambulisho."

Tangu hapo amani ikamtoka. Akakata kola kubwa kuliko shingo ya mteja. Alikumbuka alivyokuwa msichana, akaenda Kahama kwa wajomba, akapitia sokoni kwanza. Habari zilimtangulia. Alikaa uani juani mpaka jioni, hakuna aliyemletea kigoda wala maji. Na huko hapakuwa na bahari! Sasa kila akifumba macho anaona wimbi linamzoa, watu wanasema: hata salamu hakutoa.

Wakala wa safari, kijana Mzaramo wa Dar es Salaam aitwaye Adinani, alitaka jibu la mwisho Ijumaa. Gaudensia akamnyang'anya binti simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Geuza ratiba. Kwa wajomba kwanza."

"Mama yangu, siku ya kwanza kijiji kimejaa. Siku ya pili ipo nafasi, ila chumba cha mbugani mtakipoteza, na kingine hakuna. Vifaru mtawakosa."

"Hiyo siku ya kwanza tunalala wapi?"

"Hotelini, mjini."

"Basi tutajifungia. Hatuchungulii hata dirishani."

Adinani akaangua kicheko. "Ninyi Wanyamwezi! Babu zenu walitembea mpaka pwani na pembe begani, leo mnaogopa dirisha?"

"Babu zangu, wewe Mzaramo, walibisha hodi kila kijiji njiani. Ndiyo maana walirudi."

Magreth hakucheka. Picha ya kifaru ameibandika ukutani tangu sekondari.

"Mama, likizo niliomba mimi," akasema polepole.

Gaudensia aliyaona machozi ya mwanawe. Lakini akasema kwenye simu, "Futa vifaru."

Magreth akatoka bila kuaga. Mpaka leo anajibu ndiyo na hapana tu. Sasa Gaudensia ana hasira mbili za kuogopa, ya wajomba kule na ya mtoto humu ndani.

Jumanne wanapanda ndege, na limezuka lingine. Kupiga goti atapiga, lakini atatamka nini? Shikamoo hawaijui wale. Magreth amejifunza salamu yao kwenye simu, ila hasemi. Ukimbembeleza anakujibu, "Mama akamuulize kifaru."

Basi wewe unayesoma, kama umefika huko au una mtu huko, niandikie mtu mzima anasalimiwaje. Si ile ya vijana, ile ya heshima. Usiniambie utaulizia. Uliza leo, iandike kwa herufi kubwa, inifikie kabla ya Jumanne.