Jiwe Lililopewa Jina la Nyoka

Mwalimu wa binti yangu alinipigia simu nikiwa katika duka langu la ushonaji mtaani Kimbo, nikimpima mteja gauni. Aliuliza kama mtoto alikuwa mgonjwa, kwa sababu baada ya chakula cha mchana hakurudi darasani. Nilimwambia asubuhi alitoka nyumbani akiwa mzima. Nikamwomba mteja arudi kesho.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na tangu Jumapili hakuwa sawa. Siku hiyo mtu alituma video kwenye grupu ya WhatsApp ya wapangaji wa ploti yetu. Mwanamume mwenye sauti nzito alikuwa akisema kuna jiwe kubwa kama kilima linalokuja duniani miaka michache ijayo, na wanasayansi wameliita Apofisi. Hilo ni jina la nyoka wa giza ambaye, katika hadithi za Wamisri wa kale, hupigana na jua ili alimeze. Mwanamume huyo aliuliza: kama hawajui jiwe litafanya nini, mbona walipe jina la nyoka? Nilisema ni upuzi, lakini niliitazama mara mbili, na mara ya pili binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

Kwetu jina si mchezo. Desturi ya Wakikuyu ni msichana wa kwanza apewe jina la mama ya baba yake, lakini mtoto huyu nilimzaa nikiwa peke yangu, kwa hivyo akapewa jina la mama yangu, cucu yake, anayeishi Thika. Mimi humwita Maitu, yaani mama, kama ninavyomwita mama mwenyewe, na mama humwambia, "Wewe ni mimi." Mtoto aliyelelewa hivyo akisikia jiwe linaitwa nyoka, kwake ni nyoka.

Nilifunga duka nikakimbia hadi shuleni. Mlinzi aliapa hakuona mtoto akitoka, kisha akakumbuka kwamba lori la kuni liliingia na geti likabaki wazi. Nilipita stage ya matatu ya Kimbo nikiwaonyesha watu picha yake kwenye simu. Nikafika hadi mtaa wa Kiuu, kwa rafiki yangu ambaye binti humpenda, lakini hakuwa amemwona. Nilimpigia mama, simu ikawa mteja, haipatikani. Ndipo nikakumbuka machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi, yale yanayojaa maji mvua ikinyesha.

Sijui nilifikaje huko. Nilisimama ukingoni nikatazama chini. Maji yalikuwa ya kahawia na hayakusogea. Upande wa pili kulikuwa na kitu cha bluu kinaelea, rangi ya sweta ya shule. Nilizunguka nikishikilia nyasi, nikilitaja jina lake polepole, na nilipokaribia nikaona ni gunia la plastiki. Sikupata nafuu yoyote. Nilianza kuangalia chini ya gunia.

Simu ililia nikiwa hapo. Ilikuwa namba nisiyoijua, na nusura nisiipokee. Ni mama, akitumia simu ya jirani.

"Niko naye hapa," alisema. "Amekula."

Niliondoka ukingoni nikaenda kutafuta matatu ya Thika.

Nilipofika Thika nilimkuta binti kitandani kwa mama, amejifunika blanketi hadi kidevuni. Alikuwa amepanda matatu akakaa karibu na mwanamke mwenye mtoto mchanga, na konda akadhani wako pamoja. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Nikamuuliza tu kwa nini.

"Cucu hana WhatsApp," alisema. "Hakuna mtu amemwambia."

Baadaye mama alinivuta nje akaniuliza, kwa Kikuyu na kwa sauti ya chini, kama habari hiyo ni ya kweli. Niliona naye ameogopa. Nilimpigia ndugu yangu mdogo, anayeishi hosteli Kahawa Wendani na kusomea fizikia, akaja hapo kwa mama Jumamosi.

Hakutuficha kitu. Alisema jiwe lipo, na lilipoonekana mara ya kwanza, hesabu zilionyesha huenda likagonga dunia. Wakati huo halikuwa na jina, lilikuwa na mwaka lilipoonekana na herufi kadhaa tu. Watu waliendelea kulifuatilia mpaka njia yake ikajulikana vizuri, ndipo likapewa namba, na waliolivumbua wakaruhusiwa kupendekeza jina. Kamati ya wanasayansi hulikubali au hulikataa. Mawe yanayopita karibu na dunia hupewa majina ya hadithi za kale, ndiyo mila yao. Mengine huitwa kwa majina ya walimu, mito, miji, hata wanafunzi walioshinda mashindano ya sayansi. Mwanasiasa sharti awe amekufa miaka mia moja kwanza, na hapo mama akacheka kidogo. Mengi zaidi yamebaki na namba tu.

Binti alikuwa ameshika sketi yangu muda wote huo. "Kwa hivyo aliyelipa jina hakuwa ameona mwisho wake?"

"Alikuwa ameona nukta," ndugu yangu alisema. "Nukta inayosogea katikati ya nyota."

Alieleza kwamba sasa wana hakika litapita bila kutugusa, ingawa karibu sana, na kwamba usiku wa kupita kwake, mawingu yakikosekana, tutaliona hapa kwa macho matupu. Mama alisema sisi hatungempa mtoto jina la nyoka hata kwa kupenda hadithi. Kisha akasema kwamba Mungu akimfikisha siku hiyo, atolewe kiti nje, alione likienda zake.

Binti alisema yeye atabaki ndani, chini ya kitanda. Hakuna aliyembishia. Ndugu yangu alinitazama, akingoja niseme siku hiyo nitakaa na nani, mama kwenye kiti nje au binti chini ya kitanda, nami nikaingia jikoni kuangalia chai.