Fundi wa maji laini na mdalasini wa Kinole

Asubuhi hii wingu bado limelala juu ya milima ya Uluguru, na Kihonda nzima, mjini huku chini, inaonekana haijaamua kuamka. Nyuma ya nyumba ya Mwanaheri, mwalimu wa chekechea, Felista Mkude anachota maji ya kisima kwa chupa tupu ya soda, anadondoshea sabuni kidogo, anafunga kizibo na kutikisa.

Povu halitoki. Ndani ya chupa kuna weupe mzito tu, mfano wa maji yaliyooshewa mchele.

"Umeona?" anamwambia mwenye nyumba. "Haya magumu haswa. Sabuni yako yote inaishia kupigana na chokaa."

Felista ni fundi bomba. Siku hizi amejikita kwenye kazi ambayo majirani wengi bado wanaishangaa, ya kuchagua na kufunga mitambo midogo ya kulainisha maji majumbani. Maji ya kisima kama hiki huacha gamba jeupe kwenye birika, huziba koki, na kanga iliyofuliwa kwayo ikikauka inakaribia kusimama yenyewe.

Mwanaheri anataka mtambo mkubwa, ule aliouona kwenye simu, wenye taa za buluu. Felista anacheka mpaka anashika ukuta.

"Dada, mko wangapi humu ndani?"

"Wanne."

"Sasa mtambo wa hoteli wa nini? Ukizidi matumizi yenu, maji yanalala humo yanavunda. Chukua mdogo, chenji nunulia chumvi."

Ndiyo, chumvi. Ndani ya mtungi wa mtambo kuna chembechembe zinazoishika chokaa maji yanapopita. Zikishajaa, mtambo huvuta maji ya chumvi kutoka kwenye pipa la pembeni, ukazisuuza, na uchafu wote ukatokea kwenye mpira wa nje. Kazi hiyo mtambo unaifanya wenyewe, taratibu, huku watu wakiendelea na shughuli zao.

"Maji ya suuza tuyapeleke wapi?" anauliza Felista.

Mwanaheri ananyoosha kidole kwenye migomba yake, bila hata kufikiri.

"Hapana," anasema fundi, na sauti imeshuka. "Pale hapana kabisa."

Sababu ya kukataa iko nyumbani kwake, mitaa michache kutoka hapo, ndani ya ndoo ya zamani ya rangi. Ni mche wa mdalasini.

Mche huo ulishuka kutoka Kinole, kijiji cha huko mlimani, pamoja na mama yake, Bibi Yustina, ambaye magoti yalikuwa yamekataa kupanda vilima. Hospitali iko mjini, na Felista ni mtoto wake wa pekee. Bibi alikuja na mfuko mmoja wa nguo na mche huo, aliouchimbua kwenye shamba aliloachiwa na mama yake mzazi. Kinu chake cha kutwangia alikiacha huko huko, ndani ya nyumba aliyoifunga kwa kufuli.

"Nilimuuliza, mama, mbona kinu hukuleta? Akaniambia, kinanisubiri," anakumbuka Felista. "Nikajua huyu hajaja kukaa. Amekuja kutembea."

Na maji ya mjini yalimpa kila sababu ya kuondoka. Chai ilifunga utando, maharage yalichemka mchana kutwa yakabaki na ubishi wao, sabuni ikagoma. Bibi Yustina alikaa kwenye kigoda uani, mikono ndani ya beseni, macho mlimani, akisema neno moja tu: "Yananikataa." Akatangaza kwamba mvua za vuli zikianza, anarudi kwao.

Ndipo Felista, aliyekuwa mtu wa masinki na mabomba yanayovuja, alipoanza kuulizia mitambo ya kulainisha maji. Wa kwanza kuufunga maishani mwake ulikuwa wa mama yake.

"Siku ile alinawa, akanawa tena," anasimulia. "Akasema, yanateleza kama ya kwetu. Kisha akaanza kuimba, taratibu, nyimbo za kufulia mtoni. Nilikaa jikoni nikawa nasikia mto. Kweli kabisa, nausikia, na nyumba yetu haina mto."

Anapolisema hilo macho yake yanakwenda mbali, na mwandishi wa habari hii anaona haya kuandika kitu chochote.

Furaha hiyo haikudumu. Mtu aliyekulia Kinole hamwagi maji ovyo. Ya kunawa huenda kwenye magimbi, ya vyombo huenda kwenye mboga. Mikono ya Felista ilifuata malezi. Aliuelekeza mpira wa suuza moja kwa moja kwenye kibustani cha mama yake, mchicha ukiwa mbele na ndoo ya mdalasini mwisho, akajipongeza kwa kutopoteza tone.

Alikuwa anaimwagilia bustani maji ya chumvi.

Mchicha ulilala kwanza. Mdalasini ukaungua ncha za majani, ukapukutika, ukabaki kijiti.  Bibi Yustina aliutoa mfuko wake uvunguni, akaanza kukunja kanga.

"Akaniambia, umenipa maji ya kuogea, umeniulia mti wa mama yangu," anasema Felista. "Nililia kama mtoto. Fundi mzima!"

Aliung'oa mpira siku hiyohiyo, akachimba shimo la mawe la kupokea suuza, mbali na bustani. Akafunga bomba la nje linalochukua maji kabla hayajafika kwenye mtambo, magumu vilevile, kwa ajili ya mimea tu. Udongo wa ndoo akaubadilisha wote. Mama yake akakubali kungoja kwa sharti moja: mti ukichipua, atafikiri, usipochipua, vuli haitamkuta Kihonda.

Alasiri mwandishi anapofika nyumbani kwa Felista, Bibi Yustina yuko kwenye kigoda, povu limemfika viwikoni. Anaitikia shikamoo bila kuacha kufua. Mlima umejitokeza wote sasa, wa buluu, karibu mno, na yeye anautazama kwa jicho la mtu anayemtazama ndugu yake ng'ambo ya barabara.

Felista anazungumza kuhusu mipango yake. Anataka kufungua kibanda cha kupimia watu maji bure, wajue wanachonunua kabla hawajanunua.  "Lakini ukiniuliza ninachotamani hasa, ni kumsikia mama anatwanga hapa uani. Vuli inakaribia. Naogopa."

Anainuka kumwagilia kile kijiti.

"La nje," mama yake anamkumbusha. "Si la ndani."

"La nje, mama."

Felista anainama na kopo lake. Ubavuni mwa kijiti kuna kitu chekundu, kidogo kuliko punje ya mchele. Majani mapya ya mdalasini huanza hivyo, mekundu. Anageuka, mdomo wazi.

"Jani hilo nimeliona tangu juzi," anasema Bibi Yustina, akikamua kanga. "Wewe Jumamosi si unapanda Kinole?"

"Napanda, mama."

"Basi chukua ufunguo. Kaniletee kinu changu."