Mlango wa Uani wa Bi Maimuna

Mimi nina mdomo, na hapa Msambweni hakuna asiyejua. Twaiba alipoanza kuibomoa nyumba ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe, nilikuwa wa kwanza kumpigia kelele juu ya ua wa makuti. "Jirani, ikikuangukia tumwite nani, fundi au imamu?" Akacheka, akaendelea kuuchokoa udongo kwenye fito. Twaiba hajibizani na mtu kazi ikiwa mkononi.

Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, aliyoijenga marehemu baba yake. Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaiba nyufa alizikandika kila masika yakipita, na ukuta ukamngoja vilevile. Mchwa walikuwa wamezila nguzo za upande wa uani, ukizigonga zinamwaga unga.

Kwanza aliitwa fundi Mutunga kutoka Ukunda. Si mtu mbaya, na kazi anaijua. Aliizunguka nyumba, akashika kiuno. "Mama, hii tunabomoa yote, tunaanza fresh. Huyu shosho mumhamishe kwanza, akirudi atapata mansion."

Bi Maimuna, mama yake Twaiba, alikuwa kitandani ukumbini, akayasikia yote. Macho yake yalizimika zamani. Lakini ndani ya nyumba ile alitembea bila fimbo wala kushikwa mkono: kiganja ukutani, kutoka chumbani, ukumbi mzima, mpaka mlango wa uani, akatie udhu mwenyewe. Udongo ulikuwa umelainika pale kiganja kilipopita miaka yote hiyo. Akamwambia fundi kwa upole, "Ahsante kwa kuja, mwanangu. Lakini siku nitakayoongozwa na mtu kwenda kutawadha kwangu, ujue Maimuna amekwisha." Mutunga akanywa maji, akaaga.

Basi Twaiba akaamua atajenga mwenyewe, ukuta mmoja baada ya mwingine, na mama asihame. Kushika mwiko alijifunza Diani, alipokuwa akifanya usafi kwenye nyumba za wageni. Mafundi wakija kurekebisha, yeye na ufagio wake hawakubanduka karibu nao. Alilitegemeza paa kwa magogo ya mvinje, akaondoa miti iliyooza, akapanga matofali ya matumbawe, kisha akahamia ukuta wa pili. Kila ukuta ukisimama alimwita mama aupapase.

"Jiwe lako linakwaruza," mama alisema.

"Subiri plasta, mama. Hujaona kitu."

Ukuta wa uani ulikuwa wa mwisho, na hapo ndipo ujuzi wa Diani ulipomponza. Mlango wa zamani ulikuwa pembeni kabisa, mbali na usawa wa mlango wa mbele. Twaiba akaona kosa la wazee wasiokuwa na pimamaji. Akauweka katikati, milango miwili ikatazamana kama kule kwa wageni. Upepo ukaingia kwa raha zake. Mimi mwenyewe nilikaa barazani nikamsifu.

Adhuhuri Bi Maimuna akatoka chumbani, kiganja ukutani, akafika palipokuwa na mlango wake. Akagonga paji la uso kwenye jiwe. Alipapasa mpaka akaupata uwazi, akatoka, akakaa, akavua mtandio, akaanza kutawadha. Mara Tsofa mwenye duka akafika barazani kuulizia maembe, naye akaona moja kwa moja mpaka uani. "Shikamoo, Bi Maimuna!"

Sauti ya mwanamume, na yeye kichwa wazi! Bibi wa watu akautafuta mtandio chini kwa mikono miwili, asiupate. Mimi nilikuwa nimesharudi uani kwangu; niliruka ua nikamfunika, kisha nikamfokea Tsofa mpaka akasahau maembe. Lakini kosa halikuwa lake. Wazee wetu hawakuusogeza mlango kando kwa kukosa kipimo. Waliusogeza kwa ajili ya stara, anayepiga hodi mbele asione waliojipumzisha nyuma.

Kesho yake Bi Maimuna hakutoka. "Niletee beseni humu humu chumbani," alimwambia binti yake, akanyoosha mkono aongozwe mpaka kwenye beseni. Twaiba aliutazama mkono ule kwa muda. Aliuchukua, akamtawadhisha. Kisha akaenda moja kwa moja kushika nyundo.

"Wewe, ukuta mzuri hivyo!" nikapiga kelele. "Tundika pazia!"

"Pazia litamzuia Tsofa, dada. Halitamwonyesha mama njia."

Akaupiga ukuta wake mwenyewe bila huruma. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliziba katikati, akaufungua mlango pembeni, palepale ulipokuwa, na safari hii hakuulizana na mtu wa Diani wala wa Ukunda. Siku ya kupiga plasta ya ndani, kabla haijakauka, alimleta mama chumbani pale njia inapoanzia. "Pitisha kiganja, mama, kama siku zote."

Bi Maimuna akatembea polepole, vidole vikizama kwenye ubichi, ukumbi mzima mpaka mlangoni. Nyuma yake ukabaki mfuo. Twaiba hakuulainisha. Ulipokauka aliupaka rangi nyeupe kama ukuta mwingine, na wapita njia wenye macho yao wakichungulia ndani wakasema msichana hajui kusawazisha.

Ijumaa iliyofuata, adhana ya adhuhuri ikiendelea, nilikuwa uani kwangu nafua. Mlango wa Bi Maimuna ukalia. Akatoka peke yake, hana fimbo, hana mtu. Akakaa, akavua mtandio, akamimina maji. Barazani Tsofa alikuwa anapiga hodi, na bibi hakushtuka, akaendelea kuosha mikono.

Akainua uso kuelekea kwangu. "Jirani, najua upo hapo. Mbona leo umenyamaza?"

Nilikuwa nalia, nikajifuta uso kwa nguo niliyokuwa nafua.