Nilivyosafisha nyumba Kondele mpaka vyombo vya mke wangu vikarudi kwao

Wakuu, salaam kutoka Kisumu.

Nimekuwa nikisoma kimya kimya ule uzi wa watu wanaotiana moyo ku-declutter, yaani kupunguza vitu nyumbani. Mmoja anaweka picha ya kabati lililofurika, mwingine anamwambia aanze na droo moja tu, jioni anarudi na picha ya droo safi na wote wanampigia makofi. Nimecheka sana, halafu nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kulisimulia popote.

Ni langu mwenyewe. Chumvi sitaongeza, hata pale ninapoonekana mjinga.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa fundi wa redio, nimepanga vyumba viwili mtaa wa Kondele, hapa Kisumu, na mke wangu Atieno. Mtoto hatukuwa tumejaliwa.

Vyumba viwili kwa watu wawili vinatosha, mtasema. Sasa ongeza redio kumi na saba zilizokufa.

Wateja walikuwa wanaleta redio, naandika jina mgongoni kwa chaki, halafu nusu yao hawarudi. Sikutupa hata moja. Atieno alikuwa anafuma vitambaa vya viti, vizuri kweli, lakini viti vyenyewe vilikuwa vimekaliwa na redio. Akiuliza, namjibu mwenyewe atakuja kesho.

Ukweli ni kwamba nilipenda zikae. Redio ya mtu ikiwa kwako, kuna mtu ambaye siku moja lazima abishe mlango wako. Nimekuwa mtu wa hivyo tangu utotoni na sijui nilipoipata tabia hiyo.

Siku moja Atieno alisema anakwenda kwao, karibu na Luanda Kotieno, kwa wiki mbili. Alibeba nguo chache tu. Wiki mbili zikawa miezi minane. Niliandika barua mbili, akajibu moja: atarudi siku nyumba itakuwa na mahali pa mtu kuketi.

Nilikasirika, wakuu. Mwanamume mzima niandikiwe habari za kuketi! Nikaongeza redio nne nyingine.

Hasira ikaisha, upweke ukabaki. Nilikuwa nakula nimesimama. Jumapili nikirudi kanisani nafungua redio moja na kuifunga tena bila kuitengeneza, ili mikono iwe na kazi. Majirani wakiniuliza, nasema Atieno anamuuguza mama yake. Mama yake alikuwa mzima kabisa, analima.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mwangi, Mkikuyu kutoka Murang'a, muuza vitunguu. Familia yake ilikuwa huko kwao, kwa hiyo naye alikuwa peke yake. Chumba chake kilijaa magunia matupu, hata kitanda alikifikia kwa kupita ubavu ubavu.

Jumamosi moja panya alitoka kwake akaingia kwangu, tukamfukuza wote wawili, na hatukumpata kwa sababu ya takataka zetu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwangi akasema, "Leo tumalize kona moja tu, Bwana. Nyumba itatushinda namna gani na sisi ni watu wawili?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Jumamosi moja kwangu, inayofuata kwake, kona moja tu.

Alikuwa na swali lake. Ananyanyua kitu anauliza, "Hii imefanya kazi gani tangu Krismasi?" Ukikosa jibu, kinatoka nje. Mimi nilikuwa na majibu mengi ya uongo na yeye alikuwa anayakataa yote kwa upole, akiimba nyimbo za kanisa. Kwake nami nilikuwa mkali. Aliwahi kutetea gunia lenye tundu la kupitisha kichwa, eti siku ya mvua litafaa kuvaliwa. Nikamwambia alivae alionyeshe kanisani. Akalitoa mwenyewe.

Niseme wazi, zile Jumamosi zilinipa uhai. Kuna mtu alikuwa ananitarajia.

Baada ya miezi miwili viti vinne vilikuwa wazi. Nikafua vile vitambaa, nikavitandika. Ikabaki kona moja tu, ya vitu vya Atieno: sufuria zake tatu, mwiko, chungu, stuli na sanduku la nguo. Hiyo sikuigusa. Mpango wangu ulikuwa nipate kazi kidogo, ninunue shati, niende kumchukua.

Wiki hiyo nikaitwa huko Mamboleo kutengeneza spika za kanisa, siku tatu. Ufunguo nikamwachia Mwangi.

Niliporudi, ile kona ilikuwa tupu na imefagiliwa.

Mwangi alikuja anacheka. Alikuwa amepeleka vitunguu Luanda Kotieno na pikapu ya rafiki yake, akamfikiria Atieno, yule mama anayeuguza miezi yote hiyo bila sufuria zake wala nguo zake. Akavifunga vizuri, akauliza njia, akavikabidhi kwa baba mkwe wangu mkononi. "Nilimwambia vimetoka kwa mume wake, na anawasalimia sana."

Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Wasiojua mila zetu niwaeleze kidogo. Kwetu Wajaluo, mwanamke anaweza kukaa kwao hata mwaka, lakini sufuria zake zikiwa kwa mume bado ana nyumba. Mume akivituma vyombo kwao, tena kwa mkono wa mtu mwingine, hakuna anayeuliza swali. Amemwachilia.

Mwangi hakujua. Angejuaje? Alichokijua ni uongo wangu, akautendea wema.

Nikasema asante.

Kesho yake nilikuwa kwa baba mkwe. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti barazani. Mama mkwe sikumwona na sikutarajia kumwona, kwa heshima yetu. Nikaeleza yote, redio, uongo, Mwangi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema wao walipokea kilicholetwa, basi. Halafu akamwita Atieno, akatuacha.

Alikuwa amenenepa kidogo, anapendeza. Nikamwambia nyumba ni safi, viti vyote vinakalika, nimetandika vitambaa vyake.

Akauliza nani alinisaidia. Nikasema Mwangi wa vitunguu.

"Alikuomba mara ngapi?"

Nikasema mara moja.

Aliinamisha kichwa. Nikadhani analia, kumbe anafikiri. Atieno hakuwa mtu wa kelele, na siku hiyo alisema taratibu kabisa.

"Naamini hukuvituma wewe. Lakini vilipofika nilijua ni wewe. Nikangoja nilie, na kilio hakikuja. Nikapika na sufuria yangu, nikala, nikalala mpaka asubuhi. Tangu nije hapa sikuwa nimelala hivyo."

Angenitukana ningemjibu. Mtu akikwambia amelala vizuri, utabisha nini?

Tuliagana kwa mkono. Miaka miwili baadaye nilisikia ameolewa upande wa Mbita, na ana mtoto. Nilifurahi kwa ajili yake, na niliumia, yote mawili siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata Mwangi alibisha mlango kama kawaida, zamu ilikuwa ya kwake. Akauliza kama wakwe walifurahi. Nikasema walifurahi mno. Tukaenda tukatoa magunia.

Tuliendelea hivyo karibu miaka mitatu. Kila nilipotaka kumwambia, nilimwona alivyo mwepesi wa kujilaumu, nikaacha. Nilikuwa na rafiki mmoja tu na sikutaka naye aanze kunikwepa kwa aibu.

Siku aliyohama kurudi kwao alinishika mkono akasema, "Bwana, hapa Kisumu nimefanya biashara, lakini kazi ile nzuri kabisa nilifanya ni kupelekea yule mama vyombo zake." Nikamwambia ni kweli, Mungu akubariki.

Funzo? Mficha uchi hazai. Ningemwambia Mwangi ukweli siku ya yule panya, angeniamuru nivae shati nililokuwa nalo niende kumchukua mke wangu hata kabla ya kona ya kwanza. Nanyi mnaosafisha pamoja, endeleeni, ni jambo zuri sana, ila vitu vya mwenzako mwulize mwenyewe. Na kama mwenzako amekuomba nafasi, mpe akiwa bado anaiomba.

Sasa nawauliza. Mtu aliyekubomolea nyumba kwa nia njema kabisa, wewe ungemwambia? Wangu sijui kama bado yuko hai, na ikiwa yuko, sijui kama nina haki ya kumvunja moyo uzeeni.

Mwenye kunisema aniseme tu, nimezoea. Niko hapa, nitamjibu kila mmoja.