Umeona au Umeambiwa?

Wateja walimwita Vidole kwa jinsi alivyosuka haraka. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, viti viwili na kioo chenye ufa. Zamani, kila uvumi ulioingia kwenye simu yake aliusoma kwa sauti. Siku moja akasoma kwamba muuza maziwa wa mtaa anachanganya dawa kwenye maziwa. Haikuwa kweli. Yule mama alikosa wanunuzi, akamwaga maziwa yote ya siku ile, akaja akasimama mlangoni, akamtazama Vidole, akaondoka.

Vidole alimfuata akamwomba radhi. Akajitoa kwenye makundi yote ya simu. Tangu hapo, mteja akianza na "nasikia", alimkatisha: "Umeona au umeambiwa?" Kama ameambiwa, mazungumzo yalirudi kwenye nywele. Saluni ikatulia, naye akapata usingizi.

Ila mlango alioufungia uzushi uliwafungia na watu. Mama mkwe wake, waliyekuwa wakiishi naye, alimshutumu kila siku kwamba anamfichia miwani, kitana, kitambaa cha kichwa. Vidole alishakata shauri kuwa bibi huyo hampendi. Mumewe akigusia jambo hilo, alimjibu, "Usiniongezee." Wifi yake akipiga simu, hakupokea.

Basi wifi akaja kusuka. Akangoja mpaka nusu ya kichwa ikaisha.

"Wifi, mama hakuchukii. Anasahau."

"Nilijua hukufuata nywele."

"Nimefuata yote mawili. Na hutanifukuza na kichwa nusu, utajiharibia biashara."

Vidole akacheka bila kupenda. Kisha, kwa mazoea, akauliza, "Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona. Juzi kashinda ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote. Pale kliniki ninapofanya usafi, wazee wa namna hii huletwa na watoto wao. Mimi si daktari, wifi. Twende naye tukaulize."

Mikono ya Vidole ikasimama. Alikumbuka miwani aliyoikuta ndani ya sufuria, akadhani amewekewa makusudi.

"Kesho asubuhi," alisema, akaendelea kusuka.

Walikwenda watatu. Daktari alimpima bibi, akaeleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, lakini ukiujua unaishi nao. Wasibishane naye, na wasimwache peke yake kutwa. Njiani Vidole alimshika mama mkwe mkono, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumpa wifi mbishi.

Siku hizi bibi hushinda saluni, akimpasia Vidole nywele za kusukia. Mara nyingine hutoa rangi siyo, na mteja husubiri kwa subira. Wiki iliyopita alimwambia mteja mmoja, "Huyu anayesuka ni binti yangu wa kumzaa. Huyo wifi yake ndiye mkwe, ana mdomo."

Vidole hakumsahihisha. Jioni alimpigia wifi akamsimulia, wakacheka mpaka machozi.

"Asante, wifi," Vidole alisema. "Kweli, asante."

"Usinishukuru bado. Kuna neno kuhusu shule ya mwanao, nalo hutalipenda."

"Haya, sema," Vidole alijibu, akavuta kiti akaketi.