Ni nyumba ya baba yako, haiko magofu

Leo asubui ndugu yangu ameniuliza nyumba ya baba yake ni ya karne gani.

Mi pia nilisoma mara mbili.

Ni Alimasi, mutoto wa baba mukubwa. Vita ilimukimbiza akiwa kwenye mugongo ya mama yake, saa hii anaishi Ulaya. Anapanga safari na barafiki zake, ametuma programme kwenye groupe ya famille: kuogelea ziwani hapa Baraka, kula samaki mikebuka ya kuchoma, kisha kutembelea "magofu ya kale". Na picha yenye aliokota internet: kuta bila paa, mupapai umeota chumbani.

"Kaka, ni ya karne gani? Tunaweza kupanda juu tupige picha?"

Kupanda juu.

Nikamupigia. Nikamwambia: Alimasi, ile ni kwenu. Baba yako balimuulia pale mulangoni, kisha bakachoma nyumba.

Akauliza: "Sasa kwa nini hamjabomoa mkajenga nyingine?"

Hapo njo hasira ilinipanda mpaka nikakata simu. Sababu kwetu, nyumba ya muntu mwenye aliuawa haibomolewe mpaka mutoto wake wa kwanza afike, matanga iishe. Mama yangu anafyeka majani pale miaka yote hii.

Bandugu, muniambie kama nilikosea kumukatia.

Na wewe Alimasi, najua unasoma. Mutoto wa kwanza njo wewe. Barafiki babaki kwenye plage, kule ziwani.

Wewe kuja na nyundo.